Rangi inayokuzamisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rangi katika sanamu dhahania za leo

Majibu haya ni ya wanaotengeneza sanamu, wanaoziweka ukumbini, na wanaozitazama wakabaki wanajiuliza kwa nini donge moja jekundu limewashika miguu. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Misingi

1. Rangi "inayozamisha" maana yake nini hasa?

Ni rangi inayoacha kuwa sifa ya kitu na kuwa mahali. Ukitazama kiti chekundu unaona kiti kwanza, wekundu baadaye. Mbele ya sanamu iliyofanikiwa kwa rangi mambo hugeuka: wekundu hutangulia, umbo hufuata kwa kuchelewa, na wakati mwingine halifuati kabisa. Macho hukosa ukingo wa kushika, na ubongo unapokosa ukingo hushindwa kupima umbali. Hapo ndipo mtu husema amemezwa.

Sanamu dhahania inafaa kwa kazi hii kwa sababu haikupi sura ya mtu wala mnyama ya kujishikiza. Ukiona pua, jicho litakwenda kwenye pua.

2. Kwa hiyo nikitumia rangi kali zaidi, au nikiikuza sanamu, itazamisha zaidi?

Si lazima. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko mengine yote. Ukali husaidia dakika ya kwanza, kisha macho huzoea (swali la 5). Ukubwa husaidia pale tu unapofanya kingo za kitu zitoke nje ya upeo wa macho, na unaweza kupata hilo hilo kwa kumsogeza mtazamaji karibu. Bakuli la sentimita 60 lililopakwa poda ya buluu ndani, likatundikwa ukutani usawa wa uso, linaweza kumshinda mnara wa mita tano uliopakwa rangi ya mafuta inayong'aa.

Mambo yanayoamua ni matatu: uso hauna mng'ao, kingo zimefichwa au zimelainishwa, na mwanga hauachi kivuli kikali. Ukibakiwa na pesa za jambo moja tu, zipeleke kwenye mwanga.

3. Rangi ilianza lini kuhesabiwa kuwa sehemu ya sanamu, si pambo?

Kupaka sanamu rangi ni jambo la kale sana. Kilichobadilika karne ya 20 ni kwamba rangi ilianza kufanya kazi ya umbo. Miaka ya mwisho ya 1950 msanii wa Ufaransa Yves Klein alikuwa akilowesha sifongo kwa buluu yake maalumu na kuzisimamisha kama sanamu. Mwaka 1962 mchongaji wa Uingereza Anthony Caro alitengeneza "Early One Morning", chuma na alumini vilivyotandazwa zaidi ya mita sita, vyote vyekundu. Bila wekundu ule ungeona vipande vya kiwandani, ukiwapo unaona mwendo mmoja. Huko Marekani, Anne Truitt alikuwa akipaka nguzo za mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi ikaonekana imesimama yenyewe. Donald Judd alichagua nyekundu nyepesi ya kadmiamu kwa kazi zake za awali kwa hoja ya kiufundi kabisa: inaonyesha kingo na pembe za kitu waziwazi. Yaani alitaka kinyume cha kuzamisha, na alijua rangi gani itampa.

Huko Brazil, Hélio Oiticica aliitoa rangi ukutani, akaining'iniza vipande vipande ili mtu apite katikati yake. Vyumba vya rangi vya leo vina deni kubwa kwake na kwa Carlos Cruz-Diez wa Venezuela (swali la 11).

## Macho yanavyodanganyika

4. Kwa nini nyekundu inaonekana kusogea mbele na buluu kurudi nyuma?

Lenzi ya jicho haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Mawimbi mafupi ya buluu hupinda zaidi kuliko marefu ya nyekundu, na kwa watu wengi tofauti hiyo kati ya jicho la kulia na la kushoto hutafsiriwa kama umbali. Kwa wachache huwa kinyume, nao hawana ugonjwa wowote. Jambo hili hutokea kwa nguvu zaidi rangi mbili zilizokolea zikikutana juu ya weusi.

Kwa hiyo ukipaka ndani ya tundu rangi ya buluu na ukingo wake nyekundu, tundu litaonekana refu kuliko lilivyo. Ukigeuza, chini ya tundu patainuka kukufuata, na umbo litavurugika. Jaribu kwanza kwa sanduku la kadibodi.

5. Nimekaa ndani ya chumba cha rangi moja, baada ya dakika chache rangi ikapauka. Taa zimeharibika?

Hapana, macho yako yamezoea. Seli za jicho zinazopokea rangi hiyo hupunguza mwitikio, na kama hakuna rangi nyingine ya kulinganisha, ubongo huanza kuichukulia kama hali ya kawaida. Uwanja mtupu usio na ukingo wala alama huitwa Ganzfeld, neno la Kijerumani ambalo msanii wa mwanga James Turrell amelitumia kwa mfululizo wa vyumba vyake. Humo wengine huona ukungu wa kijivu, wengine vidoa vinavyoelea.

Ukitoka, kila cheupe kitakuwa na rangi ya upande wa pili: baada ya nyekundu utaona kijani kinachoelekea samawati, baada ya manjano utaona buluu. Usiipuuze njia ya kutokea. Ukipaka korido ya kutokea nyeupe tupu, mtazamaji atapata sanamu ya pili bure, iliyo ndani ya macho yake.

Ukitaka rangi isichoke, ibadilishe polepole kiasi kwamba hakuna anayeona inabadilika, au acha kipande kidogo cha rangi pinzani, hata upana wa kiganja, mahali ambapo jicho litakipitia kila baada ya muda.

6. Nyeusi isiyorudisha mwanga nayo ni rangi ya kuzamisha?

Ndiyo, na ndiyo hatari kuliko zote. Vantablack, iliyotangazwa na kampuni ya Uingereza Surrey NanoSystems mwaka 2014, inanyonya hadi asilimia 99.965 ya mwanga. Si rangi ya kopo; ni msitu wa mirija midogo mno ya kaboni, na kidole kikiigusa kinaivunja. Nyeusi za akriliki zinazouzwa kwa wasanii hazifiki huko, lakini kwenye tundu lenye kuta zilizopinda zinatosha, kwa sababu mwanga mdogo unaorudi hupigwa ukuta kwa ukuta mpaka uishe. Umbo hufanya nusu ya kazi.

Mchongaji wa Uingereza Anish Kapoor alifanya hivyo mwaka 1992 kwa "Descent into Limbo", tundu la sakafuni lenye kina cha karibu mita 2.5 linaloonekana kama duara bapa jeusi. Mwaka 2018, kazi hiyo ikiwa Porto nchini Ureno, mgeni mmoja alitumbukia. Soma swali la 14 kabla hujachimba lako.

## Poda, gundi na tabaka

7. Poda ya rangi ikiwa kavu ina kina cha ajabu. Nikiitia gundi inakuwa nzito kama plastiki. Kwa nini?

Kwa sababu umeondoa hewa. Katika poda kavu kila punje imezungukwa na hewa, na mwanga ukitoka kwenye hewa kuingia kwenye punje hupinda na kutawanyika kila upande. Ndiyo maana uso unaonekana laini kama mahameli na huoni pa kuanzia. Gundi ikijaza mianya, mwanga haukutani tena na mpaka mkali kati ya punje na hewa. Unapenya, unamezwa, na rangi inakuwa ya giza. Buluu ya ultramarine inaumia zaidi, kwa kuwa punje zake zinapindisha mwanga karibu sawa na gundi yenyewe. Juu ya hapo, gundi iliyozidi hutengeneza ngozi ya kung'aa, nayo hurudisha taa ya ukumbini badala ya rangi.

Klein alilitatua kwa msaada wa muuza rangi wa Paris, Édouard Adam: walitumia resini ya polivinili asetati iliyoyeyushwa kwa vimiminika vinavyoruka haraka, ikabaki kidogo tu ya kushika punje bila kuzifunika.

Kwa karakana ya kawaida fanya hivi. Kata vibao vitano vya sentimita 15 kwa 15, uvipake andakoti moja. Chukua gundi ya akriliki isiyong'aa, ichanganye na maji kwa viwango vitatu: sehemu moja ya gundi kwa maji tatu, kwa tano, na kwa nane. Loanisha poda kwanza kwa matone ya spiriti, la sivyo itaelea juu kama unga usiokubali maji. Kisha ongeza gundi hadi uji uwe mzito kama maziwa ya mtindi. Paka kibao kimoja kwa kila kiwango, acha siku nzima. Pitisha kidole: kikitoka na rangi nyingi, gundi ni pungufu, kikitoka safi lakini kibao kinang'aa ukikiinamisha kwenye taa, gundi imezidi. Unachotafuta ni kidole chenye doa hafifu. Vibao viwili vya mwisho hifadhi kwa kujaribu gundi ya kupulizwa juu ya poda iliyochekechwa kwa chujio, njia inayofaa tundu na bakuli.

Usipake vanishi juu. Vanishi ni gundi ile ile iliyochelewa kufika.

8. Je, ni lazima poda ishikizwe?

La. Kapoor, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, aliacha poda kavu imwagike hadi sakafuni kuzunguka maumbo yake, na Wolfgang Laib huchekecha chavua ya maua kuwa mraba wa manjano chini. Lakini kazi ya namna hiyo hutengenezwa upya kila mahali inapokwenda. Zima feni na viyoyozi vinavyopuliza moja kwa moja, na weka mpaka wa umbali. Tumia barakoa ya daraja la FFP3 wakati wa kuchekecha, kwani vumbi laini la rangi yoyote ni baya kwa mapafu. Kadmiamu na kobalti usizitumie kabisa zikiwa kavu mahali penye watu.

9. Nataka rangi tambarare juu ya mbao, isiyoonyesha mkono. Tabaka ngapi?

Zaidi ya unavyodhani, na nyembamba kuliko unavyopenda. Utaratibu unaotoa matokeo:

Kwanza vunja kila pembe kwa msasa hadi iwe na mviringo wa karibu milimita 2. Rangi mbichi hukimbia kwenye pembe kali, na pembe iliyokosa rangi ndiyo ukingo ambao jicho litaushika. Ziba mbao kwa silaa, hasa ncha zilizokatwa, zinazonyonya kama sifongo. Paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka nne hadi sita, ukipiga msasa namba 240 katikati na 320 mwishoni. Kisha rangi ya akriliki iliyoongezwa maji kidogo, tabaka moja wima, inayofuata mlalo, kila moja ikauke kabisa. Tabaka nane ni mwanzo mzuri. Manjano na nyekundu zinazopitisha mwanga huomba kumi na mbili.

Piga taa ya mkono kwa pembeni kila baada ya tabaka mbili. Mstari unaouona leo kwa taa ya pembeni utaonekana na kila mtu siku ya ufunguzi.

Na usiguse kazi kwa mkono mtupu baada ya hapo. Mafuta ya kidole juu ya uso usiong'aa hufanya doa jeusi lisilotoka. Ukilifuta unalikwatua kuwa doa linalong'aa, na mwisho unapaka upande mzima upya, pembe hadi pembe, kwa sababu kiraka huonekana daima.

10. Vipi kuhusu chuma cha nje, resini, na rangi za fluoresenti?

Chuma: kipigwe mchanga hadi kiwango Sa 2½ (usafi wa karibu kamili wa uso), kipakwe praima ya epoksi yenye zinki siku hiyo hiyo kabla kutu haijaanza, kisha epoksi ya kati, mwisho poliyurethani ya rangi. Usimalizie kwa epoksi. Jua huigeuza chaki. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, vinginevyo unapaka juu ya maji usiyoyaona, na miezi baadaye rangi itatoka kama ganda. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200, ni ngumu na sawasawa, ila haiingii vizuri kwenye kona za ndani, na tanuri ndiyo inayokupangia ukubwa wa sanamu. Bomba lililofungwa pande zote litoboe kwanza.

Resini: rangi inayopitisha mwanga huhitaji matone tu, ukizidisha, kina kinapotea na unabaki na kitu kama plastiki ya ndoo. Mimina kwa tabaka za unene uliotajwa na mtengenezaji, maana resini nene hujipasha joto hadi ikapasuka. Kwa poliyesta, usikutanishe kamwe kiharakishi cha kobalti na kichocheo cha peroksaidi moja kwa moja: hulipuka. Kimoja huchanganywa kabisa ndani ya resini kabla ya kingine.

Rangi za fluoresenti: zinang'aa kwa kuwa hubadilisha mwanga wa urujuanimno na buluu kuwa rangi inayoonekana. Zinahitaji andakoti nyeupe kabisa chini, na juani zinachujuka haraka kuliko rangi yoyote. Mawe ya Ugo Rondinone yaliyosimamishwa jangwani Nevada mwaka 2016 yamelazimika kupakwa tena. Ukiuza kazi ya namna hii, ratiba ya kupaka upya iwe ndani ya mkataba.

## Mwanga na chumba

11. Rangi ya taa na rangi ya kopo, ipi inazamisha zaidi?

Taa, kwa sababu inampaka mtazamaji naye. Cruz-Diez alionyesha hili katika "Chromosaturation", kazi aliyoianza mwaka 1965: vyumba vitatu vyeupe, kimoja nyekundu, kimoja kijani, kimoja buluu. Pale vyumba vinapokutana, mwanga huchanganyika hewani na kuta ni zile zile nyeupe. Dan Flavin naye alitosheka na tyubu za dukani.

Ila taa ina tabia mbaya moja: hufuta umbo. Kama umbo la sanamu ndilo hoja yako, paka rangi. Kama nafasi ndiyo hoja, tumia taa. Kuvitumia vyote viwili kwa nguvu sawa huishia kwenye rangi ya matope, kwani kitu cha kijani chini ya taa nyekundu ni cheusi tu.

12. Karakanani ilikuwa urujuani, ukumbini imekuwa kijivu. Nimekosea wapi?

Hukukosea kuchanganya, ulichanganya chini ya taa nyingine. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Omba kujua taa za ukumbi kabla hujaanza: joto la rangi (3000K ni ya manjano kidogo, 4000K imetulia), kiwango cha uaminifu wa rangi, CRI, ambacho kisipungue 95, na hasa thamani ya R9 inayohusu nyekundu iliyokolea. Taa nyingi zenye CRI nzuri zina R9 mbovu, na hapo ndipo damu ya mzee inapogeuka kahawia.

13. Chumba cha ukungu wenye rangi kinatengenezwaje?

Mfano unaojulikana ni "yellowbluepink" ya Ann Veronica Janssens, Wellcome Collection, London, mwaka 2015: ukungu mzito kiasi kwamba unaona mkono wako na si zaidi sana.

Unahitaji chumba cheupe chenye pembe zilizoviringishwa. Kona ya nyuzi 90 ina mstari, na mstari ni ukingo. Tumia bodi zilizopindwa kwa mviringo wa sentimita 30 au zaidi, kati ya ukuta na sakafu pia. Taa zifichwe nyuma ya dari inayotawanya mwanga. Mashine ya ukungu iwe ya maji na glikoli yenye majimaji yaliyoidhinishwa kwa vyumba vya watu, na sakafu isiteleze, kwa sababu glikoli hutua chini polepole. Weka milango miwili yenye kijichumba katikati, la sivyo kila anayeingia anatoka na ukungu wako.

Vitambua moshi vitalia. Usivizibe kwa plastiki: kaa na wahusika wa zimamoto mapema, wapange aina nyingine ya kitambuzi na mlinzi wa kudumu chumbani. Maonyesho mengi ya aina hii huahirishwa kwa jambo hili, si kwa sanaa.

Toleo jepesi zaidi ni taa za rangi moja tupu. Olafur Eliasson alizitumia katika "The Weather Project", Tate Modern, 2003: nusu duara ya taa za manjano na dari ya vioo vikaifanya duara kamili la jua. Chini ya taa za sodiamu za shinikizo dogo, karibu nanomita 589, kila kitu huwa manjano au kijivu hadi nyeusi. Shati jekundu hufa papo hapo.

## Mambo ya pembeni

14. Watu wanaweza kuumia kwa rangi?

Kwa rangi yenyewe mara chache. Kwa kukosa kipimo cha umbali, ndiyo. Mtu huegemea ukuta ambao haupo, au hukanyaga tundu akidhani ni zulia. Tofauti yoyote ya kimo zaidi ya sentimita chache iwe na kizuizi halisi. Kibao cha onyo pekee hakitoshi, kwa kuwa mtu anayeona duara bapa anaamini macho yake kuliko kibao. Mwanga unaomweka kwa kasi ya mara 3 hadi 30 kwa sekunde uepukwe kwa ajili ya wenye kifafa. Weka ufito wa kushika mkononi, hata kama unaharibu usafi wa chumba. Upake rangi ile ile ya ukuta.

15. Picha zangu za kazi nyekundu zinatoka doa moja lisilo na umbo. Nifanyeje?

Kamera hujaribu kuirekebisha rangi yako iwe ya kawaida, na chaneli nyekundu hujaa kabla ya nyingine. Funga mizani ya weupe kwa kadi ya kijivu, piga kwa faili ghafi, punguza mwanga kwa stopu moja, na tazama grafu ya kila chaneli peke yake. Weka mtu kwenye picha moja ili kipimo kionekane. Kwa vyumba vya taa, funga mizani ya weupe kwenye mwanga wa mchana, uache chumba kiwe kilivyo.

16. Msanii anaweza kumiliki rangi?

Rangi yenyewe, la. Bahasha ya Soleau (njia ya Ufaransa ya kusajili tarehe ya wazo) aliyoweka Klein Mei 1960 ilithibitisha tarehe ya utaratibu wake wa kuchanganya, na wengi huiita hataza kimakosa. Kinachoweza kufungiwa ni bidhaa: mwaka 2016 Kapoor alipata haki ya pekee ya kutumia Vantablack katika sanaa, na msanii mwenzake Stuart Semple akajibu kwa kuuza poda ya waridi kwa kila mtu isipokuwa Kapoor. Kazi yako ikitegemea bidhaa moja, andika jina la kemikali ya rangi na namba yake ya faharasa, kama PB29 kwa ultramarine, na uhifadhi kibao cha sampuli gizani. Kopo litakapoacha kutengenezwa, kama tyubu za fluoresenti zilivyoondolewa sokoni Umoja wa Ulaya mwaka 2023, atakayeitengeneza kazi hiyo atahitaji kibao hicho kuliko jina la kibiashara lililoandikwa kwenye kopo.